Sindano Kwenye Sabuni

Shuka la chumba cha nne lilimchoma Nesta kabla halijagusa maji. Alikuwa amelikumbatia, akilipeleka kwenye beseni nyuma ya gesti, kidole kikashtuka. Alipolikunjua, bomba la sindano lilining'inia pindoni, ndani yake damu kidogo. Dereva aliyelala humo alikwisha kuvuka mpaka na lori lake alfajiri.

Nesta alikimbilia chupa ya Jiki.

"We! Unataka kujiunguza?" Ferista, mfuaji mwenzake aliyewahi kufagia wodi, alimpokonya. "Usikikamue hicho kidole, usikinyonye. Sabuni na maji ya bomba, yaache yatiririke. Halafu kituo cha afya, sasa hivi! Kuna vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi visikae mwilini. Siku tatu zikipita havikusaidii tena."

Nesta aliosha. Kisha akachukua kipande cha mche wa sabuni, akaizamisha humo ile sindano isije ikamchoma mtu mwingine, akakifunga kwenye kitambaa.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Nesta aliacha shule darasa la nne, na tangu hapo alikuwa mtu wa kuongea na maji tu. Karani aliuliza dirishani kama anayeita ng'ombe, "Unaumwa nini?" Mama mmoja wa kanisani kwao alikuwa nyuma yake, masikio wazi.

"Kichwa," alisema Nesta.

Akarudi na Panadol.

Ferista alicheka mpaka akashika kiuno, halafu kicheko kikamkatikia. "Kachomwa kidole, anatibu kichwa! Mdogo wangu, ukifa kwa aibu, haya mashuka unamwachia nani?"

"Watu wanasikia, dada."

"Basi usiseme. Onyesha."

Kesho yake Nesta alilipita dirisha, akagonga mlango wa nesi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yako ya dirishani iko wapi?"

Nesta alifungua kitambaa, akaiweka sabuni mezani. Pembeni yake akaweka kidole.

Nesi aliitazama sindano, akakitazama kidole, akainuka kufunga mlango.

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Umewahi."

Alimpima damu kwanza. Virusi havikuonekana, lakini nesi alimwambia kipimo hicho hakijui lolote la jana. Ndipo akampa vidonge. "Kila siku, saa ileile, wiki nne. Vikikutapisha, njoo hapa, usiviache. Ukimaliza tutapima, na baadaye tutapima tena. Mpaka nikuruhusu, mwanaume ni kwa kondomu. Umesikia?"

Nesta aliitikia kwa kichwa.

"Mimi sioni vichwa, nasikia midomo."

"Nimesikia!" Sauti ilitoka kubwa, wote wawili wakacheka.

Vidonge vilimsumbua. Alivimeza kila adhana ya alfajiri iliposikika, akitapika mate, akiendelea kufua. Kipimo cha kwanza baada ya dozi kilikuwa safi. Kikabaki cha mwisho, na siku yake ilipowadia aliingia kazini akakuta chumba cha nne kinafunguliwa.

"Kaka!" Nesta aliita, na dereva mwingine akageuka na begi lake. "Umeacha kitu kwenye shuka?"

"Nimeacha usingizi tu, dada."

Ferista aliinua uso kutoka kwenye beseni. "Majibu saa ngapi?"

"Mchana."

Nesta alilishika shuka kwa pembe mbili, akalinyoosha mbali na mwili wake, akalielekeza kwenye jua. Akalikung'uta. Upepo wa upande wa Zambia ulilijaza. Halikudondosha kitu ila mchanga kidogo. Akalikung'uta tena.