Mgonjwa Ni Nani Hapa?

Nilimwuliza mgonjwa wangu, mama mmoja, swali, mumewe akajibu. Nikamwuliza la pili, akajibu tena. Mama mwenyewe, fundi cherehani wa makamo, alikaa mikono mapajani, vidole vimevimba kwenye vifundo, anatazama sakafu.

Jamani, nje foleni imefika mlangoni, na huyu baba ananisimulia maumivu yasiyo yake. Yalianza lini? Tangu msiba wa shemeji, eti alifua sana. Anaumwa wapi? Mikono, magoti, na mdomo, akacheka peke yake. Alichotaka ni sindano moja ya nguvu, waondoke zao.

Lilibaki swali nililolihitaji kuliko yote: akiamka, vidole hukaa vimekakamaa muda gani? Vikilegea mara moja, huenda ni uchovu wa kazi. Vikichukua saa nzima na zaidi, huenda mwili unajishambulia wenyewe. Ugonjwa huo una dawa, lakini ukicheleweshwa vidole hupinda moja kwa moja, na fundi asiyeweza kushika sindano ndiyo basi tena.

"Huyu asubuhi hana neno," mume akasema. "Nikiamka chai iko mezani, maji ya kuoga tayari. Jioni ndiyo analalamika."

Nikamwomba amwache mama aseme. Akanijibu kwamba mkewe ana haya, na yeye anamjua nje ndani. Damu ikanichemka. Nikampa cheti, nikamtuma dirisha la mapokezi akagongewe muhuri. Muhuri wenyewe hauna kazi yoyote, ila foleni ya dirisha lile naijua.

Mlango ulipofungwa nikarudia swali. Mama akautazama mlango kwanza.

"Naamka saa tisa usiku," akasema. "Nachemsha maji, naloweka mikono. Karibu na alfajiri vidole vinaanza kukunjika. Hapo ndipo naweza kushika birika."

Kila siku? Kila siku, tangu mvua zilizopita. Na mumewe hajui? Hajui, akasema, analala vizuri, sasa amkatishe usingizi kwa nini. Nilitaka kumgombeza, nikaishia kumshika mkono. Ulikuwa wa moto. Nikaandika vipimo vya damu na rufaa kwa bingwa wa viungo, wiki hii hii, kabla vidole havijaanza kupinda.

Mume akarudi na muhuri wake, amenuna. Mama akaniitikia kwa kichwa kwamba niseme, nami nikamweleza mumewe yote, sikumpunguzia hata kidogo. Ajabu, hakubisha. Alivuta kiti karibu na mkewe akaviangalia vile vidole.

Nikauliza la mwisho: kwa usiku mmoja, mama anapata usingizi kiasi gani? Mama akamtazama mumewe, akimsubiri ajibu.

"Sijui, daktari," mume akasema. Akamgeukia mkewe. "Sema mwenyewe. Na mimi nisikie."