Madereva Sita wa Sorrel

Siku ile mjinga alikuwa Orest Bilyk, na wala hahitaji wakili. Mwenyewe hukiri, tena akiwa anajimiminia kahawa: "Mjinga nilikuwa mimi, kama mnataka ubishi tafuteni kingine." Sasa hivi anayasema akicheka. Siku yenyewe hakucheka. Siku yenyewe magoti yalimgongana chini ya meza ya kamati, akawa anayashikilia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku wawili wasiopatana.

Alikuwa Waziri wa Barabara, mgeni kabisa kwenye kiti. Kabla ya siasa aliuza matrekta. Akafilisika, akaanza upya, akauza tena. Mtu aliyekwisha kuanguka na kuinuka hudhani amemaliza kuogopa. Ni kwa sababu hajaitwa kwenye kamati ya matumizi.

Kila majira ya kuchipua, bajeti ya jimbo ikishasomwa, mawaziri huingizwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye meza ndefu, na wapinzani huwauliza: fedha hizi za nini, na watu hawa wako wapi? Waziri huketi na wataalamu wake ubavuni, lakini sauti inayoingia kwenye kumbukumbu ni ya waziri peke yake. Mtaalamu hunong'ona, waziri hutamka. Akinong'onezewa vibaya, kosa ni lake. Akinong'onezewa vizuri akatamka vibaya, hilo ni lake zaidi.

Orest alikuwa amejiapiza jambo moja: mdomo wake hautatoa maneno "jibu nitaleta baadaye." Waziri wa Afya alikuwa ameyasema mno wiki iliyotangulia, sasa bunge zima linamwita Mheshimiwa Baadaye, na hata kantini wanamuuliza kama supu anaitaka leo au baadaye.

Aprili ilikuwa imeingia, na kama kawaida ya Aprili katika nyanda zile, iliwapa watu wiki moja ya jua kisha ikawageuka. Tangu asubuhi theluji ilikuwa inapita madirishani kwa ubavu, haishuki wala haipandi. Jumba la ng'ambo ya barabara lilikuwa limekwisha kumezwa, halionekani. Upepo ulipiga kwenye fremu za madirisha mle chumbani, na kila ulipopiga, Mwenyekiti Penner aliinua macho na kuyarudisha kwenye makaratasi yake kwa haraka, kama mtu aliyeitwa jina na asiyetaka kuitika.

Aliyekuwa akiuliza ni Yvette Desrosiers, mbunge wa upinzani wa upande wa Sorrel. Mama mnene mpole wa sauti; watu waliomzoea waliogopa upole huohuo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeona fedha za barabara za kaskazini zimepanda. Nampongeza Waziri. Sasa anisaidie: hapo yadi ya Sorrel, ana madereva wangapi wa magreda ya kuondoa theluji?"

Katibu Mkuu wa wizara, Thorsteinson, mtu mrefu aliyepinda kama msumari uliochomolewa, aliinama sikioni: "Nafasi sita, Waziri."

"Madereva sita," akasema Orest.

Thorsteinson alimvuta mkono wa koti. Orest akaunyakua mkono wake. Alidhani anaambiwa apunguze sauti, naye ndiyo kwanza alikuwa anaifurahia.

"Sita," Yvette akarudia taratibu. "Leo hii? Na tufani hii?"

"Leo hii, na tufani hii. Wako kazini, barabara inapitika. Mheshimiwa asiwatishe wananchi bure. Hata mke wangu ningemruhusu apite saa hii."

Wabunge wa upande wake wakagonga meza. Orest akajisikia kama siku aliyouza trekta lake la kwanza. Mdomo huponza kichwa, waliosema hawakukosea. Tena wa Orest ulikuwa umekiponza kichwa ambacho hakikuwa chake.

Simu ilitikisika mapajani. Ujumbe ulitoka kwa Verna, mkewe, aliyekuwa kwa dada yake, ng'ambo ya Sorrel.

*Nakusikiliza redioni hapa jikoni. Dada kaniambia nilale, nikamwambia Orest mwenyewe kasema madereva wako barabarani. Natoka. Nina sufuria ya pirogi za viazi, usile huko.*

Alisoma mara mbili. Halafu akamwinamia Thorsteinson. "Hao sita wako wapi sasa hivi?"

"Waziri, nilisema nafasi."

"Nimesikia nafasi. Watu wako wapi?"

Thorsteinson alilamba midomo. "Za kudumu ni mbili. Nne ni za msimu, na msimu unaisha mwaka wa fedha ukiisha. Kwa makaratasi yetu baridi ilikwisha mwishoni mwa Machi. Nafasi zinabaki kwenye hesabu, watu tunawarudisha nyumbani."

"Na hao wawili?"

"Mmoja yuko hospitali, mgongo. Mwingine kapiga simu asubuhi, mlango wake haufunguki kwa theluji."

"Kwa hiyo barabarani kuna nani?"

Thorsteinson alitazama dirishani.

Orest akaandika: *Usitoke. Rudi.* Ujumbe ulizunguka, ukazunguka, ukagoma. Akaandika tena. Ukagoma. Aliijua barabara ile kama kiganja chake: imenyooka, haina mti, haina nyumba, mitaro pande zote mbili inayolingana na kimo cha mtu. Na Verna alikuwa amebadilisha matairi wiki iliyopita. Yeye Orest ndiye aliyemwambia, katika lile juma la jua, avue ya baridi, yale yanayoshika theluji, avae ya kiangazi.

"Mheshimiwa Waziri?" aliita Penner. "Umeulizwa swali."

"Samahani. Lirudiwe."

"Niliuliza," alisema Yvette, "mishahara ya nafasi ambazo hazina watu inakwenda wapi. Lakini naona Waziri ana simu ya maana kuliko sisi. Labda jibu ataleta baadaye?"

Kicheko kikazunguka meza. Orest hakukisikia. Alikuwa anausikia upepo.

Kuna jambo lazima lielezwe. Waziri hawezi kuinuka katikati ya maswali kama mtu anayekwenda msalani. Akitoka, kamati husimama, na kusimama huko sharti kila upande ukubali. Sauti moja tu ya "hapana" inatosha kumrudisha kitini. Na Jumatatu iliyopita Yvette alikuwa ameomba dakika chache ampigie binti yake aliyekuwa na homa. Sauti moja ilisema hapana. Mwenye sauti hiyo sasa alikuwa ameshika magoti.

Mlangoni alisimama mnadhimu wa chama chake, kijana Stobbe mwenye tai nyembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna waziri anayejitia kitanzi. Alikuwa ameusoma uso wa Orest. Akatikisa kichwa: usiseme. Orest alijua maana yake. Waziri aliyeiambia kamati jambo lisilo kweli, hata kwa bahati mbaya, hupewa nafasi ya kujiuzulu kwa heshima, nayo heshima yenyewe hudumu hadi chakula cha jioni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuongea maneno matupu hadi saa ya kufunga, wenzake hufanya hivyo kila siku na hulipwa. Baadaye angetoka atafute greda kimyakimya.

Baadaye.

Akamwona Verna ndani ya kile kigari cha kijivu, theluji ikipanda juu ya bomba la moshi, sumu yake ikirudi ndani bila harufu. Watu wa kwao hufa hivyo. Huonekana wamelala.

Akasimama. Sauti iliyotoka hakuitambua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nasahihisha kumbukumbu. Sina madereva sita Sorrel. Nina nafasi sita. Watu wanne tuliwaondoa mwisho wa Machi, na wawili waliobaki hakuna aliyetoka leo. Barabara haijasafishwa. Kama kuna anayenisikia, asitoke. Aliyetoka..." Akakwama. "Mke wangu alinisikia akatoka. Simu haipatikani. Naomba kamati isimame."

Stobbe alifunga macho. Penner alishusha miwani. "Ombi liko mezani. Kuna anayekataa?"

Macho yote yakamgeukia Yvette. Alikuwa na haki yake, na kila mtu pale aliijua. Orest alimtazama akangoja, na upepo ukagonga madirisha, na hakuna kungoja katika maisha yake, hata kule benki siku ya kufilisika, kulikowahi kuwa kurefu vile.

"Shemeji anaendesha gari gani?" aliuliza Yvette. Simu alikuwa nayo mkononi tayari.

"Dogo. La kijivu."

"La kijivu ndani ya theluji. Mungu wangu, Orest." Kisha, kwa Mwenyekiti: "Hakuna anayekataa. Gonga nyundo, bwana, unangoja nini?"

Walitoka ukumbini wakiwa wawili, Orest akimweleza Verna alikotokea. Yvette alikuwa na binamu, Marcel, mwenye shamba karibu na maghala ya ngano ya Sorrel, na Marcel alikuwa na trekta kubwa. "Marcel, acha kula. Nasema acha kula! Washa trekta, shuka barabara kuu kuelekea kwa akina Hallick, kwa dada yake mke wa Waziri, tafuta kigari cha kijivu. Ndiyo, mke wa Waziri. Ndiyo, wa chama kile. Marcel, nitakuja kukupiga mwenyewe!"

Kisha hakukuwa na la kufanya. Walikaa kwenye benchi chini ya picha za mawaziri wakuu waliokufa, wote wamechukia. Orest alijaribu namba ya Verna, akajaribu tena. Kila mara mwanamke wa mtandao alimjibu kwa adabu ileile kwamba mteja hapatikani, hata akatamani kumtukana. Akaanza kuhesabu ni nani angempigia kwanza, watoto au dada mtu, akajikemea kwa kuhesabu, akaanza tena.

"Nilikukatalia Jumatatu," alisema.

"Nakumbuka."

"Mtoto je?"

"Alipona. Tunyamaze, Orest. Nikianza kukusema sitaacha."

Simu ya Yvette ilipolia alishtuka hata yeye. Alisikiliza kwa muda mrefu, uso hauonyeshi kitu, na Orest akaona roho yake imesimama kwenye ukingo wa uso ule. Kisha Yvette akamkabidhi simu.

"Orest?" Ilikuwa sauti ya Verna, inatetemeka kwa baridi, kwa mbali injini ya trekta ikinguruma. "Niko hai. Nimeingia mtaroni. Bomba likawa linazibwa, nikatoka kulichimbua na kifuniko cha sufuria. Nachimbua, linajaa. Nachimbua, linajaa. Vidole sivisikii. Halafu nikaona taa."

Orest aliegemea ukuta, akateleza nao hadi sakafuni, waziri mzima, machozi yanamtoka bila kuomba kibali cha mtu. Stobbe, aliyekuwa anakuja na habari za barua ya kujiuzulu, aligeuza kisigino akarudi alikotoka.

Lakini hofu ikitoka kwa mlango, kiburi hurudi kwa dirisha. Alipojihakikishia kwamba mke yu mzima na yumo ndani ya trekta la Marcel, Orest alipandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyetishwa mpaka mwisho.

"Na wewe, Verna! Na matairi ya kiangazi! Huoni nje? Dada yako anakwambia lala, unakataa! Mtu mzima na akili zake anatoka kwenye tufani kama hii?"

"Ulisema madereva sita."

"Nafasi! Zilikuwa nafasi sita, mke wangu, nafasi! Wizarani ndivyo tunavyohesabu. Kwenye hesabu nafasi ipo hata kama mtu hayupo, ni utaratibu, wala si uongo, ungenisikiliza vizuri..."

Trekta lilinguruma kidogo. Hata Yvette alikuwa amesogeza sikio.

"Basi bwana," alisema Verna, "si ungetuma hata nafasi moja ije inivute mtaroni?"