Mahari Isiyotakiwa

Mume wangu Octave hajawahi kushindwa katika mazungumzo ya mahari. Hapa ugenini, Malvern, Mkongomani akitaka kuoa au kuoza hupita kwanza kwenye cherehani yake, Jules Street, akasema, "Papa Octave, utatusemea." Naye huvaa suti yake ya rangi ya divai, akaenda kupandisha au kushusha, kutegemea nani kamwita. Mimi Victorine nimechoka kusikia ushindi wake. Kisa hiki nitakisimulia mwenyewe kabla hajakipaka rangi.

Hénock ni mtoto wa marehemu kaka yake. Nimemlea tangu Bukavu. Mwaka 2016 alituambia anataka kumwoa Marisel, msichana wa Kifilipino aliyeishi na wazazi wake Kensington, mtaa wa jirani. Mimi nilimpenda binti yule siku ile ile alipomleta. Octave alipenda zaidi mazungumzo yatakayokuja. Wiki nzima alifanya mazoezi mbele ya kioo: kukohoa, kukunja uso, kuinuka kana kwamba anaondoka.

Jumapili tukaenda na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, na samaki, maana Hénock alituonya kwamba kwa akina Marisel upande wa mwanamume ndio unaobeba chakula. Mtaa wao haukuwa na maji. Lori la maji lilisimama kwenye robot, pale magari yanaposubiri taa. Sebuleni, ukutani, walitundika kijiko na uma vya mbao, virefu kama mkono wangu.

"Hapa tutatoa mingi," Octave akaninong'oneza. "Hawa banakula."

Tulipokwisha kula, akasimama, akakohoa. Akasema tumeona ua katika bustani yao na tumekuja kuuliza mwenye bustani anataka nini. Hénock akatafsiri kwa Kiingereza. Rodel, baba yake Marisel, fundi wa kuchomelea vyuma, akasikiliza kwa heshima. Kisha akajibu kwamba kwao hakuna mahari. Watoto wamependana, wazee wamekula pamoja, kilichobaki ni tarehe.

Octave akatabasamu. "Mujanja huyu. Anaanzia mbali."

Akataja mbuzi. Rodel akatikisa kichwa. Akaongeza ng'ombe. Rodel akauliza ng'ombe atalala wapi, Kensington? Octave akaongeza suti za wajomba wote. Sijawahi kuona mtu akijipandishia bei mwenyewe, huku jasho likimtoka!

Mwishowe akakasirika kweli. "Banatupatia mutoto bure? Kitu haina bei, kuna kitu banaficha. Na kesho bakisema Hénock alimuiba?"

Hénock hakutaka kutafsiri, lakini uso wa Octave ulishatafsiri. Rodel akasimama. "Binti yangu si cherehani," akasema. Octave akachukua kofia yake, na safari hii hayakuwa mazoezi. Bila neno lake, yeye mkubwa wa ukoo, hakuna ndoa. Marisel akaanza kulia. Nilitamani kukishusha kile kijiko ukutani nimchape nacho mume wangu.

Ndipo bibi akasema. Lola, ndivyo walivyomwita, yaani bibi kwa lugha yao. Mama yake Rodel, mzee sana, kwenye kiti cha magurudumu. Marisel akatufasiria huku akijifuta machozi. Zamani kijijini kwao, kijana aliyetaka binti aliwatumikia wazazi wake: kuni, maji, paa likivuja, hadi waridhike. Hénock ametumikia mwaka mzima. Kila Jumamosi.

Nikamgeukia Hénock. Kila Jumamosi aliniambia ana zamu ya ulinzi, na geti langu linaning'inia kwa bawaba moja!

"Mama, unisamehe," akasema.

"Tutaongea nyumbani."

Octave alikaa chini taratibu. "Kumbe ilishalipwa," akasema. "Bila mimi."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," nikamwambia.

"Apana. Mutoto amelipa yake. Ukoo haujalipa kitu."

Marisel alipomfasiria, Lola akacheka, kisha akachomoza midomo kuelekea ndoo tupu mlangoni mwa jikoni. Hapo hatukuhitaji mkalimani. Hata Bukavu tunaonyesha kwa midomo. Hénock akainuka. Lola akakataa, midomo ikahamia kwa Octave.

Akaenda. Na suti ya divai, akapanga foleni kwenye lori, akarudi bega limelowa na viatu vinalia. Akataka kwenda tena. Rodel akasema imetosha. Octave akasema bado. Mmoja akavuta ndoo huku, mwingine kule, na hapo ndipo mazungumzo yalipopatikana. Mwishowe walikwenda wote wawili, wakarudi wanacheka.

Wakati wa kuaga, Hénock aliinama, akaushika mkono wa Lola na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Ndivyo wanavyoomba baraka kwa wazee wao. Octave, ambaye hata askofu humsalimia akiwa wima, alitazama. Kisha akapiga magoti na suruali yake mbichi, akafanya vilevile.

Mama yake Octave alifariki Bukavu mwaka uliotangulia. Mkimbizi akirudi kwao anapoteza karatasi zake, kwa hiyo tulimzika kwa simu, Octave amesimama kando ya cherehani na mkasi mkononi, akisikiliza udongo ukimwagwa.

Lola alidhani amemaliza, akavuta mkono wake kidogo. Octave hakuuachia. Bibi yule akamtazama, akaongeza na mkono wa pili juu ya kichwa chake.

Nikawaambia wengine watangulie nje.