Mtaro Uliofukiwa Mapema

Wiki tatu mtaro ulikaa wazi kutoka nyumbani hadi kwenye banda langu la kushonea huko uani, nasi tukiuruka kama mbuzi. Fundi umeme alimwachia mume wangu waya na bomba jeusi la kuupitishia, akamwonya asifukie mpaka mkaguzi auone, la sivyo hakuna kibali.

Ofisini kwa mkaguzi nimekwenda mara nyingi mpaka mlinzi ananiita shangazi. Leo nikarudi na mkaguzi mwenyewe. Mtaro haupo! Umefukiwa, umeshindiliwa, hata maji umemwagiwa.

"Niliona aibu, mgeni asije akajikwaa," mume wangu akasema.

Mkaguzi akafunga faili. "Mama, mimi sisaini udongo."

Nilichoka hata kugomba. Waya ulikuwa bado haujaunganishwa, nikashika jembe.

"Acha, mke wangu, utaumia mgongo. Aje kesho."

Tangu lini mgongo wangu ukamhusu? Nikafukua.

Waya ulikuwa umelala uchi kwenye tope, bila bomba. Mkaguzi alikuwa anatazama juu ya paa. Nami nikatazama. Bomba letu lilikuwa limesimama wima pale, limebeba antena, tayari kwa mpira wa jioni.