Spika Sita za Pasta Musyimi

Kanisa la Pasta Musyimi pale Kathonzweni likifurika lilibeba watu themanini, na lilikuwa na spika sita. Zilipangwa chini ya paa la mabati zikiwaelekea waumini, kana kwamba waumini walikaa ng'ambo ya mto. Pasta alipenda kusema kwamba Mungu husikia hata mnong'ono, kisha anaongeza sauti. Kwaya nayo ilijibu kwa kinanda.

Mumbua hakuyaweza hayo. Tangu utotoni masikio yake yalikuwa mepesi kupita kiasi. Kijiko kikianguka jikoni, yeye huumwa meno. Kipaza sauti kilipopiga ule mlio wake wa ghafla, alihisi sindano ya kushonea magunia ikiingia sikio hili na kutafuta njia ya kutokea la pili. Mwaka uliopita, kwenye harusi ya mpwa wake, alitoka mbio katikati ya ibada, mikono masikioni, akaonekana tena saa ya wali. Ikajulikana tangu siku hiyo kwamba ana pepo, maana ni nani mwingine hukimbia sifa? Pasta akamwombea masikio, kipaza sauti mkononi, nusu shubiri kutoka kwenye sikio lenyewe. Mumbua alianguka kwa maumivu, na kanisa likapiga makofi.

Sasa ilikuwa zamu ya Nduku, binti yake wa pekee. Mumbua alitaka jambo moja tu: akae kwenye kiti cha mama wa bibi harusi mwanzo hadi mwisho, amwone mwanawe akiapa. Akitoka mbio mara hii, hata wajukuu watasimuliwa. Alijaribu pamba, ikazuia mahubiri, ambayo hayakuwa na shida, na kuuacha ule mlio upite. Akamwendea Pasta, akamwomba apunguze sauti siku hiyo moja. Pasta alicheka kwa upole wa mtu asiyesikiliza, akasema anayepaswa kupungua ni pepo.

Msaada ulitoka kwa mtu ambaye hakupaswa hata kumtazama usoni. Mbaluka, bwana harusi mwenyewe, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Malili, na alipenda muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayebweka. Pasta alikuwa amekataa kuwafungisha ndoa mpaka achome fulana zake nyeusi zenye mafuvu na kuuacha muziki huo. Fulana akazichoma. Nyimbo zilibaki kwenye simu.

Wakamba nao wana nthoni: mama mkwe na mkwe hawazoeani, hawasemezani ovyo, na wakikutana njiani mmoja hupatwa ghafla na hamu ya kutazama mbuzi wa jirani. Kwa hiyo Mbaluka alimpa Nduku vile vidude vya kuvaa masikioni visivyo na waya, pamoja na simu yake ya zamani, ampelekee mama. Alituma na neno: sauti iko mkononi mwake mwenyewe, aipandishe na kuishusha atakavyo.

Mumbua alivivaa jikoni, akavitoa papo hapo. Ilikuwa kama kinu cha posho kilichomeza kokoto.

"Nduku, huyu mtu unaolewa naye ako sawa kweli?"

"Mwaitu, mama yangu, punguza kidogo, halafu ungoje tu."

Akapunguza, akangoja, kwa sababu mama aliyekata tamaa hujaribu hata upuuzi. Ngoma zilikimbia sana, lakini kila pigo lilikuja pale alipolitarajia, na lililofuata vivyo hivyo. Hakuna kilichomrukia. Magitaa yalimzunguka kama mvua nzito juu ya bati, ile inayokufanya usisikie mlango wa jirani ukibamizwa. Mabega yake yakashuka. Aliona aibu kwamba amependa, akaurudia wimbo mara tatu.

Siku ya harusi alifunga kilemba kikubwa cha buluu kilichoshuka hadi chini ya masikio, na kila mtu akakisifu. Spika sita zikafunguliwa. Watoto wachanga wakaanza kulia, kipaza sauti kikapiga mlio, mzee mmoja wa kanisa akajishika taya. Mumbua alitulia kitini, macho mbele, akitikisa kichwa polepole. Pasta alimwona, akainyamazisha kwaya kabla ya viapo na kumjia mpaka kitini. Mumbua akaingiza mkono mkobani, akazima wimbo.

Pasta alitangaza kwamba pepo ametoka, nao watu wakashangilia. Kisha akamkabidhi kipaza sauti atoe ushuhuda.

Mumbua alimtazama Mbaluka, naye alikuwa akitazama viatu vyake, jasho likimtiririka. Ukweli ukisemwa, Pasta ataifunga Biblia na ndoa itaishia hapo. Uongo nao hakutaka kuusema mbele ya madhabahu. Ndipo hasira ya miaka yote ikampanda. Akakizima kipaza sauti, akakilaza kitini.

"Pasta, umesema pepo ametoka. Mimi sibishani na wewe. Lakini hizo spika zikilia tena, nitatoka hapa mbio, nawaambia mapema. Na hawa watu wote watasema maombi yako hayakushika."

Pasta aliwatazama waumini, akazitazama spika, akawatazama waumini tena. Akaagiza zizimwe zote sita, akiongeza kwamba ndivyo alivyokuwa ameonyeshwa katika maombi.

Viapo vikasemwa kwa sauti tupu, na watu wakainama mbele ili wasikie. Mumbua alitoa vile vidude chini ya kilemba. Sauti ya Nduku haikutetemeka. Ya Mbaluka, ambayo hakuwahi kuisikia vizuri, ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mumbua alilia waziwazi, wala hakuinuka kitini mpaka neno la mwisho.

Wakati wa picha mkwe alisimama mbali, kama ipasavyo. Mumbua akamnong'oneza binti yake.

"Mwambie bwanako ule wimbo wa pili ndio mtamu."

Mbaluka, hatua sita pembeni, alisikia kila neno. Akageuka kutazama mbuzi wa jirani.