Gari la Marehemu Halikai Juu ya Mawe

Jeki za haidroliki zikipiga kelele kwa sababu ya jua, fundi hakosi usingizi. Chuma kimepata joto, kimetanuka, kinalalamika, basi. Kilichomkosesha raha fundi wetu ni pampu. Kila asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, aliisikia ikinguruma nyuma ya nyumba, ikisukuma oili kwenye jeki na kulinyanyua gari la mama mkwe wake ili likae sawa. Gari lililosawazishwa jana halina sababu ya kusawazishwa tena leo, isipokuwa limeshuka.

Lilikuwa gari la kuishi, lenye kitanda, jiko na choo chake. Marehemu baba mkwe alilinunua alipostaafu, azunguke na mkewe. Hawakuzunguka sana, moyo wa mzee ukasimama. Mjane alikataa katakata kulala nyumbani kwa binti yake. Gari likaegeshwa uani, kwenye mteremko, jeki nne zikalinyanyua, na matairi ya mbele, ambayo sasa yalikuwa yamekwisha upepo, yakabaki yananing'inia. Humo ndani mama aliishi na mashati ya mumewe.

Fundi aliingia chini ya gari na tochi. Jeki zilikuwa kavu, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Hakukuwa na tone la oili chini, na bado tangi la pampu lilikuwa linapungua. Oili haina mabawa, alijisemea, lazima iko mahali.

Alikuja kujua siku aliyochelewa kwenda karakana. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kando ya jeki na ndoo, sabuni na ule waya wa kusugulia masufuria, anasugua chuma cha jeki kwa nguvu zote. Alimsalimu mkwe wake vizuri na kumweleza kuwa marehemu hakupenda uchafu, kwa hiyo mafuta yakijitokeza yeye huyaondoa mapema kabla watu hawajaamka.

Chuma kile kinatakiwa kuwa laini kama kioo, maana kinapita ndani ya sili, na sili ndiyo inayozuia oili isitoke. Kikikwaruzwa, kila kinapopanda na kushuka kinaichana. Kadiri mama alivyosugua ndivyo oili ilivyovuja, na kadiri ilivyovuja ndivyo alivyosugua. Tena alizisugua zote nne, kwa kuwa mama mkwe hakuwa mtu wa upendeleo.

Alimweleza kwa adabu, macho chini. Akamwomba alale ndani ya nyumba mpaka vipuri vifike, naye aweke magogo chini ya fremu ili gari liwe na pa kuegemea. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe," alisema, "gari lililo juu ya mawe ni gari lililokufa. Mimi nimeshazika mara moja."

Mtu huyu, ambaye karakana nzima ilimwogopa kwa ukali wake, alijikuta anasema, "Sawa, mama." Jioni alimtaka mkewe azungumze na mama yake. Mkewe akasema yeye fundi ndiye anayejua hatari. Yeye akasema mama ni wa mke. Wakatupiana mpira hivyo siku kadhaa, na gari likaendelea kushuka. Mlango wake ukaanza kufunguka wenyewe. Kikombe kilichowekwa mezani kikateleza mpaka ukingoni. Kisha pampu ikabadilisha sauti, ikawa inalia kikavu, kilio chembamba cha pampu inayovuta hewa badala ya oili.

Mama alipotoka kwenda sokoni, fundi alipiga moyo konde. Aliingiza magogo manne, moja karibu na kila jeki, akayasukuma ndani kwa ndani ili yasionekane. Alijidanganya, bila shaka. Mtu anayezisugua jeki kila kukicha atakosa kuona gogo?

Fundi aliporudi kutoka karakana mchana alikuta magogo matatu yamepangwa kwenye mlango wa jikoni kwake. Yalikuwa yamefutwa vumbi.

Alikimbia. Uani alisikia nyundo ikigonga mbao, taratibu, bila haraka yoyote. Kutoka chini ya pua ya gari ilionekana miguu miwili, kandambili moja imechomoka. Jeki ya kona ile ilikuwa imeshuka yote. Gogo lile la mwisho ndilo lililobeba uzito, na lilikuwa limeanza kulala upande.

"Mama, acha! Toka huko."

"Limebaki hili moja tu," sauti ya mama ilijibu. Nyundo ikagonga tena.

Mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata mkono alikuwa akimpa kwa kuinama. Fundi alijitupa chini, akamkamata vifundo vya miguu na kumburuta kwenye kokoto kama gunia. Gogo likafyatuka. Gari likaanguka kwa kishindo kilichotikisa madirisha ya nyumba, na bamba lake la mbele likatua pale kilipokuwa kifua cha mama.

Vumbi lilipotulia, mama alijiinua akakaa. Alivuta gauni kufunika magoti. Viwiko vyake vilikuwa vinatoka damu. Gari hakulitazama.

"Ulidhani sijui kama linashuka?" alimuuliza polepole. "Kila asubuhi nani anabonyeza kitufe cha pampu? Ungeniacha, mwanangu."

Fundi alikuwa bado ameshika vifundo vya miguu ya mama mkwe wake, na aliogopa kuviachia.