Gonga Kwanza

"Leo amesema nini?" mama mkwe aliniuliza. Alikuwa ameketi juu ya gunia la maranda, amejifunika shuka hadi kidevuni.

"Lile lile, mama. Gonga kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeletewa salamu na msafiri. Kisha akakohoa. Madirisha ya karakana yalikuwa yamefungwa, na kopo la thina, ile ya kuzimulia rangi, lilikuwa wazi miguuni pangu.

Wakati huo ulikuwa umepita mwaka mzima tangu mume wangu afe. Moyo ulimsimama akiwa anapiga randa, akaniachia mashine, mbao na mama yake. Kazi niliijua; tulioana tukiwa mafundi wawili, na wateja walitutania kwamba ndoa yetu imeshikwa na gundi. Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kufunga diski ya msumeno kwenye mashine, aliipachika kidoleni kwa tundu lake na kuigonga kwa ukucha. Diski nzima hulia kama kengele. Yenye ufa haina sauti, hukohoa tu. "Gonga kwanza, funga baadaye," alisema kila siku, hata tukiwa tumenuniana. Tangu afe sikugonga hata moja, maana mlio ule ulinishinda.

Mbao zetu zilikuwa na ulimbo mwingi. Ulimbo ukiganda kwenye meno, diski hupata moto na kuunguza mbao badala ya kuzikata, kwa hiyo kila alasiri nilisugua diski kwa thina. Siku moja vumbi la barabarani lilizidi, nikafunga madirisha. Katikati ya kazi nikaona bega la mume wangu nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, na unga wa msumeno kwenye ukosi wa shati, kama alivyokuwa siku zote. Hakugeuka. Alisema tu, "Gonga kwanza."

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha leo. Kesho yake madirisha niliyafunga kusudi.

Mama alinisikia nikiongea peke yangu, akaja mlangoni. Nilidhani atanikemea, kumbe aliuliza kama kuna pa kukaa. Basi tukawa wawili. Nilisugua mpaka kichwa kikaniuma, si ili diski isafike, bali ili yeye aje. Jirani yetu, fundi wa kupaka rangi, alituonya kwamba thina humla mtu mapafu, kisha akili. Tukamshukuru, tukarudisha mlango. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri moja niliinua kichwa nimpe mama salamu zake, nikamkuta ameporomoka kando ya gunia, midomo ina rangi ya majivu. Nyuma ya mbao mume wangu alikuwa bado amenipa mgongo. Kwa mara ya kwanza nilimchukia. Mama yake anakata roho, naye hageuki! Nikamkokota mama hadi nje, nikampepea kwa kanga yangu mpaka pumzi ikamrudia.

Nilikwenda dukani siku hiyohiyo. Mwenye duka akanitolea chupa ya dawa ya kusafishia majiko.

"Hii inang'arisha hata dhambi," alisema.

"Inakula chuma?"

"Dada, inakula hata kucha."

Kinachokula kucha kitakula na kiungo cha lehemu kinachoshika meno ya diski, na jino likichomoka mashine ikizunguka huna pa kukimbilia. Petroli, yenye mvuke kama wa thina, sikutaka hata kuisikia. Nikanunua sabuni ya unga na magadi. Nilijua ninachonunua: nilikuwa namzika mume wangu mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu. Nililia njia nzima bila kujali nani ananiona.

Nikafungua madirisha yote, nikaloweka diski kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ulimbo ukalainika, nikaung'oa kwa mswaki mkuukuu, maji yakageuka rangi ya chai ya rangi. Nyuma ya mbao palikuwa na ukuta tu. Nikaikausha ile diski niliyokuwa nikiitumia kila siku, nikaipachika kidoleni, nikajikaza, nikagonga.

Ikakohoa.

Chini ya jino moja, pale ulimbo ulipokuwa umeganda miezi yote ile, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, njoo uone. Alikuwa akituambia!"

Aliutazama ufa ule, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, mimi sikumwona hata siku moja."

"Sasa ulikuwa ukija kufanya nini humu?"

"Nilishazika mmoja. Ungeanguka, nani angekutoa?"

Nikaitundika diski ile ukutani, juu ya mbao, isije ikafungwa tena kwa bahati mbaya. Nyingine nikazipaka mafuta ya cherehani zisishike kutu, na tangu hapo thina haikuingia karakana yetu.

Muda mrefu baadaye, mchana mweupe, nilikuwa nafunga diski mpya kwa haraka, mteja ananisubiri nje. Mama alikuwa dirishani akichambua misumari. Hapakuwa na upepo. Ukutani, diski yenye ufa ikalia, safi kama kengele.

Mama aliinua kichwa. Mimi pia.

Nikaifungua ile mpya, nikaipachika kidoleni, nikaigonga.